Sura ya Tano: Kati ya Kujua na Kutenda

Mtu mzima mwenye ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na kujizuia, anajua. Nalitanguliza hili kwa sababu karibu kila neno analoambiwa na watu wake limesimama juu ya dhana kwamba hajui. Anajua kodi ya nyumba inalipwa lini. Anajua marejesho ya kikoba hayasubiri, basi la saa kumi na mbili alfajiri halimngoji mtu, na mkubwa hakatizwi anapozungumza. Mwite umweleze upya, atakusikiliza kwa adabu, na pengine atayapanga maneno yako vizuri kuliko ulivyoyapanga wewe. Wiki ijayo atachelewa tena, nawe utaondoka ukiwa na hakika kwamba anakudharau.

Tumchukue mwalimu wa sekondari wa aina ambayo shule nyingi zimewahi kuwa naye. Darasani hana mpinzani. Akifundisha Vita vya Majimaji, hata wale wa madawati ya nyuma huacha kuchora kwenye madaftari. Lakini andalio la somo hana. Azimio la kazi alilianza Januari likaishia ukurasa wa pili. Karatasi za mtihani wa kidato cha pili zimelala ndani ya mfuko chini ya meza, na mwalimu wa taaluma amekumbusha mpaka amechoka. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho anaketi, anasahihisha mpaka adhana ya alfajiri, anazimaliza zote, na asubuhi anaripoti kazini macho mekundu. Ofisini wanahitimisha: kumbe anaweza, ila hataki.

Ushahidi huohuo, ukiuangalia kwa makini, unasema kinyume. Asiyetaka hakeshi. Kazi ilikuwa ileile Jumatatu na Alhamisi usiku. Kilichobadilika ni ukaribu wa hatari. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo humwezesha mtu kulishika jambo akilini, kulipa uzito leo wakati faida yake iko mbali, na kujizuia asilitupe pale kitu kingine kinapomwita. Kazi hiyo hutegemea kemikali za ubongo, na mbili zinazotajwa zaidi ni dopamini na noradrenalini. Kwa mwenye ADHD mfumo huo hauna uthabiti. Jambo jipya, jambo analolipenda, au jambo la dharura hujisukuma lenyewe. Jambo la kila siku, ambalo malipo yake ni ya mwezi ujao, linabaki limekaa pale analiona, na halisogei. Umakini anao, tena wakati mwingine mwingi mpaka hasikii akiitwa kula. Usukani wake ndio mzito.

Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley ametumia miongo kadhaa kueleza kwamba shida kubwa hapa ni ya kujitawala ndani ya muda. Nakubaliana naye, na sababu yangu ni ya vitendo: mtazamo huo unaeleza kwa nini mawaidha hayaponyi. Nasaha hutolewa Jumapili jioni, watu wametulia, chai iko mezani. Tendo linatakiwa Jumanne saa nane mchana, simu inaita na mtu amesimama mlangoni. Tiba isiyofika kwenye ile Jumanne saa nane haijafika popote.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya kisasa, yaliyoletwa na simu. Lakini mwaka 1798 daktari Mskoti Alexander Crichton aliandika juu ya watu ambao akili yao haiwezi kudumu kwenye kitu kimoja, na ambao kila sauti inawavuta. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Kasoro hiyo aliiita ya maadili. Alikuwa mtu mwangalifu, na alishuku kwamba asili yake iko mwilini, lakini neno hilo la maadili limewaandama watu hawa mpaka leo.

Dawa ilipatikana kwa bahati, na kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa. Huko Rhode Island, Marekani, katika hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia, madaktari walikuwa wakiupiga picha ubongo kwa njia ya kikatili kidogo: wanatoa maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, wanaingiza hewa mahali pake. Watoto waliachwa na maumivu makali ya kichwa. Daktari wao, Charles Bradley, aliwapa Benzedrine, aina ya amfetamini, akitumaini itauchochea mwili utengeneze maji hayo upesi. Vichwa havikupata nafuu ya maana. Ila walimu walianza kuleta habari za ajabu: watoto ambao hawakuwahi kumaliza zoezi sasa wanaomba zoezi jingine. Mwaka 1937 Bradley alichapisha matokeo ya watoto 30, na karibu nusu yao walikuwa wamebadilika sana katika masomo. Wenyewe waliviita vidonge vya hesabu. Fikiria mtoto aliyeambiwa miaka yote kwamba ni mkaidi, akigundua ndani ya asubuhi moja kwamba anaweza kukaa na hesabu mpaka jibu litoke. Mwaka 1944, huko Basel, Uswisi, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba alitengeneza methilfenideti. Mke wake Marguerite aliitwa Rita, na kutokana na jina hilo dawa ikaitwa Ritalin.

Wakati huo wote ilidhaniwa kwamba mtu hukua akaiacha hali hii nyuma. Paul Wender wa Utah alikuwa kati ya wa kwanza, katika miaka ya 1970, kuwachunguza watu wazima, na alikuta dalili zikiwa zimekua pamoja na wenyewe. Ilichukua muda mrefu vitabu kumfuata. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Afya ya Akili cha Marekani uliotoka 2013 ndio uliowalegezea watu wazima masharti: dalili tano zinatosha kwa mwenye miaka 17 na zaidi, mahali ambapo mtoto anahitaji sita. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinakadiria kwamba wawili hadi watatu katika kila watu wazima 100 wanaishi na ADHD.

Sura yake hubadilika. Mtoto aliyekuwa juu ya mwembe muda wote sasa ni mwanamume anayetikisa goti chini ya meza ya kikao. Mtoto aliyejibu kabla swali halijaisha sasa ananunua pikipiki kwa mkopo bila kumwambia mkewe. Anaacha kazi kwa hasira ya dakika tano. Anaanza biashara ya kuku, kisha ya matikiti, kisha ya vifaa vya simu, na kila moja aliipenda kwa moyo wote mpaka siku ilipoanza kuhitaji daftari la mahesabu.

Wanawake ndio waliopitwa zaidi. Msichana aliyekaa kimya akitazama dirishani hakumsumbua mwalimu, kwa hiyo hakuna aliyempeleka popote. Shule ilikuwa na kengele na ratiba, na nyumbani mama alikuwepo kumkumbusha. Kisha anaolewa. Nyumba nyingi za kwetu huendeshwa na kumbukumbu ya mtu mmoja: gesi inayokaribia kwisha, kliniki ya mtoto, ada, sare iliyochanika, mchango wa harusi ya shemeji, zamu yake ya kupokea mchezo. Hakuna kengele wala mkuu wa zamu. Maji yanafurika kwenye ndoo kwa sababu alikwenda mara moja kutafuta kibanio na akakuta picha za zamani. Wifi anasema, “Huyu hakufundwa.” Alifundwa. Pengine alifundwa vizuri kuliko wifi mwenyewe, na usiku analia kwa sababu anayakumbuka mafunzo yote. Mwanamke wa namna hii akifika hospitali, mara nyingi anafika kwa ajili ya sonona au wasiwasi. Anapewa dawa ya sonona, ambayo pengine anaihitaji kweli, na kile kilichomfikisha kwenye sonona hakiulizwi.

Sasa tuje kwenye kupimwa, maana hapa pana upotoshaji mwingi. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD, wala picha ya ubongo inayoithibitisha kwa mtu mmoja mmoja. Anayekuuzia kipimo hicho anakuibia. Kuna dodoso lililoandaliwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, na sita kati yake hutumika kuchuja haraka. Dodoso hilo linasema tu kwamba yafaa umwone daktari. Kazi yenyewe ni mazungumzo marefu na mtaalamu anayetafuta mambo matatu: dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12, zinaonekana katika zaidi ya eneo moja la maisha, na zinaleta hasara ya kweli. Kwa hiyo daktari atauliza juu ya utoto wako. Nenda na mama yako, au shangazi, au kaka aliyekulea. Chukua ripoti za shule kama bado zipo. Ile sentensi ya mwalimu wa darasa la nne, “ana uwezo lakini anacheza sana,” ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani.

Daktari mzuri pia atatafuta vitu vingine, na usikasirike akifanya hivyo. Anayelala kwa saa nne tu kila usiku kwa sababu ya zamu mbili za kazi atasahau kama mwenye ADHD. Tezi ya shingo iliyozidisha kazi humfanya mtu asitulie. Pombe, sonona, wasiwasi, kifafa cha kupotewa fahamu kwa sekunde chache, na mshtuko uliobaki baada ya vita au ukatili, vyote huvuruga umakini. Katika hospitali za Muhimbili, Mirembe na Mathari wapo madaktari bingwa wa afya ya akili, na natambua vizuri hofu ya kuonekana kwenye mageti hayo. Jina Mirembe limegeuzwa tusi la mtaani. Ni dhuluma kwa wagonjwa wote wa hospitali ile, na mtu asikubali dhuluma hiyo imnyime matibabu.

Kuhusu dawa, niseme wazi: kwa wengi zinafanya kazi, tena upesi kuliko dawa nyingi za afya ya akili. Methilfenideti huzuia dopamini na noradrenalini zisifyonzwe haraka. Amfetamini pia husukuma zitoke kwa wingi zaidi. Kidonge cha muda mfupi cha methilfenideti huanza kazi ndani ya saa moja na huisha baada ya saa tatu au nne, ndiyo maana kuna vile vya kutoa dawa polepole siku nzima. Atomoksetini si kichangamshi. Hugusa noradrenalini, na inahitaji subira ya wiki kadhaa. Mwaka 2018 Samuele Cortese na wenzake waliyaunganisha majaribio 133, wakaona kwamba kwa watu wazima amfetamini zilitangulia kwa matokeo ya muda mfupi. Ya muda mrefu yanasomwa kwa njia nyingine. Huko Uswidi, mwaka 2012, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 25,000 wenye ADHD wakilinganisha kila mtu na yeye mwenyewe: vipindi anavyotumia dawa na vipindi ameacha. Katika vipindi vya dawa, kutiwa hatiani kwa makosa ya jinai kulipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Mimi husoma tarakimu hizo nikiwafikiria vijana walioko mahabusu zetu kwa kosa la sekunde mbili.

Dawa huanzishwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua. Hukata hamu ya kula, huchelewesha usingizi, hukausha mdomo, hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa hiyo presha ipimwe kabla ya kuanza na iendelee kupimwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, amwambie daktari mapema. Asubuhi ule kabla ya kumeza, maana saa saba hutasikia njaa.

Wako waliojitibu kabla ya daktari. Mirungi ina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, na dereva wa usiku anayesema kwamba akitafuna ndipo kichwa chake kinatulia, pengine anasema kweli tupu. Simcheki wala simhukumu. Lakini kitawi hakina kipimo, kinampora usingizi ambao upungufu wake unazidisha dalili zilezile, na Tanzania ni kosa la jinai kuwa nacho. Kama kichangamshi kinamtuliza mtu badala ya kumpandisha, hiyo haithibitishi kwamba ana ADHD, ila ni habari ya kumpelekea daktari bila aibu.

Kikwazo kikubwa kwetu ni upatikanaji. Methilfenideti iko chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo huuzwa kwa cheti cha daktari tu, na nje ya miji mikubwa kuipata ni shida. Mara mbili, 2019 na 2021, iliombwa iingizwe katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mara zote mbili wataalamu walikataa, wakiona ushahidi wa faida na madhara hautoshi. Nasikitikia uamuzi ule, kwa sababu wizara zetu nyingi hununua kwa kufuata orodha hiyo, na anayeumia ni yule asiyeweza kulipia duka binafsi. Wanaosafiri nao wajihadhari. Falme za Kiarabu hudai kibali rasmi kabla ya kuingia na dawa zinazodhibitiwa. Fundi wa Mombasa anayekwenda kazini Dubai asitegemee kwamba kopo lenye jina lake litamtetea uwanja wa ndege.

Hata pale dawa inapopatikana, haifundishi kupanga siku. Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake wa Boston walichapisha jaribio la watu wazima 86 waliokuwa tayari kwenye dawa lakini bado wanasumbuka. Waliofundishwa stadi za kupanga, kugawa kazi kubwa vipande vidogo, kushughulikia usumbufu na kujibu mawazo ya kujishusha, walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa kuutuliza mwili pamoja na elimu ya hali yao. Kiini cha stadi hizo kinarudi kwenye ile Jumanne saa nane: usitegemee kichwa kukumbuka, weka kumbukumbu pale tendo linapofanyikia.

Kwa mwalimu wetu maana yake ni hii. Karatasi zisiende nyumbani. Asahihishe shuleni, chumba cha walimu, na mwenzake akiwa upande wa pili wa meza anasahihisha zake. Kuwepo tu kwa mtu mwingine kunasaidia kwa namna ambayo wengi wenye ADHD huishuhudia. Asahihishe swali la kwanza kwa karatasi kumi, anyooke, arudi. Marejesho yatoke siku mshahara unapoingia, kabla hajatoka kwenye foleni ya benki, au yakatwe moja kwa moja. Funguo ziwe na msumari mmoja ukutani na zisiwe na mahali pengine duniani. Ahadi iandikwe wakati inatamkwa, mbele ya aliyeahidiwa. Ukimwona anaandika unapoongea, usidhani hakusikilizi.

Mwenzi wake ana kazi ngumu, na vitabu vingi humpita haraka. Baada ya miaka kadhaa mke hujikuta amekuwa mama wa mumewe. “Baba watoto, umelipa maji?” “Nitalipa, mama.” Mara ya tatu swali linakuwa kali, jibu linakuwa la kiburi, na mapenzi yanaanza kukauka. Ushauri wangu ni kwamba ukumbushaji uondoke mdomoni mwa mke uende kwenye kalenda ukutani na simu ya mume, na wagawane kazi kwa kutazama nani anaweza nini. Kuna wanaume wasioweza kabisa bili za kila mwezi lakini mtoto akiugua saa tisa usiku, wao ndio wenye akili timamu kuliko wote nyumbani. Mke naye aruhusiwe kusema amechoka bila kuambiwa hana huruma. Alibeba mzigo wa ugonjwa ambao hakujua ni ugonjwa.

Wengine watakushauri maombi, wengine watanong'ona juu ya jini au mkono wa mtu. Sala imewashika wengi wasizame, na sina neno juu yake. Ninachopinga ni kumtoza mgonjwa deni la imani: kwamba angekuwa na imani ya kutosha angefika kwa wakati. Gharama ya kuchelewesha matibabu ni kubwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2025, juu ya watu wazima zaidi ya 30,000 waliotambuliwa kuwa na ADHD, ulikadiria kwamba umri wao wa kuishi ni mfupi kwa takriban miaka 7 kwa wanaume na karibu 9 kwa wanawake. Watafiti walielekeza kwenye mambo yanayoweza kurekebishwa na kwenye mahitaji ya matibabu yasiyotimizwa. Miaka hiyo inaweza kupiganiwa.

Mara nyingi mtu mzima hujifahamu kupitia mwanawe. Tafiti za mapacha na za familia zinaonyesha kwamba urithi unaeleza karibu asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika ADHD, kwa hiyo baba anayeketi kliniki akisikiliza maelezo ya mtoto wake, akasema moyoni kwamba huyu ni mimi, huenda hajakosea. Daktari wa watoto amuulize hapohapo. Mtoto akiandikiwa dawa ya kila asubuhi, atahitaji mzazi wa kuikumbuka, wa kutunza tarehe ya kurudi kliniki, wa kukaa naye saa ya kazi za shule bila kupandisha sauti, na wa kurudia hayo kesho yake. Mzazi asiyetibiwa anaombwa afanye hasa yale asiyoyaweza, kwa niaba ya mtoto asiyeyaweza pia. Wote wawili wafunguliwe mafaili, na ikiwa fedha za dawa mwezi ule zinatosha mmoja tu, mzungumzeni na daktari ni nani aanze. Ziko nyumba ambamo jibu sahihi ni mzazi.